Kadi Sita Kwenye Fremu Wazi

Kasha la kawaida la kompyuta limebuniwa kubeba kadi moja ya michoro, mbili kwa kubanana. Sloti za ubao mama wa ATX zimeachana milimita 20.32, na kadi yenye nguvu hula sloti mbili kwa unene wake. Ukizichomeka mbili zikifuatana, feni za kadi ya juu zinatazama mgongo wa kadi ya chini, na kati yao hapapiti hata kidole. Ya juu inavuta hewa iliyokwisha kupata moto, nyuzi zinapanda, feni zinakimbia kwa kasi ya mwisho, na hatimaye kadi inajipunguzia kazi ili isiungue. Mcheza gemu huyavumilia hayo kwa muda wa jioni tu. Mchimbaji wa sarafu za kidijitali, ambaye kadi zake hazilali, hawezi.

Ndiyo maana wachimbaji waliliacha kasha mapema. Mei 2010 Laszlo Hanyecz, mtunzi wa programu wa Florida, Marekani, aliwaonyesha wenzake kwamba kadi ya michoro inachimba bitcoin kwa kasi inayoiacha prosesa mbali sana. Ni mwezi uleule alionunua piza mbili kwa bitcoin 10,000. Kufikia 2011 Wamarekani walikuwa wakipanga kadi za Radeon ndani ya makreti ya plastiki ya maziwa. Nayaheshimu makreti yale. Yana matundu kila upande, hayapitishi umeme, na moja hukaa juu ya jingine bila shida. Yalichokosa ni vipimo: kadi ilikaa popote ilipopata nafasi, na joto lake likaenda popote lilipopata njia.

Fremu ninayoichambua hapa ni kizazi cha makreti hayo. Ni ya aluminiamu, ya kadi sita, ya aina iliyoenea sana katika wimbi la kuchimba sarafu ya Ethereum la 2017 na kuendelea hadi 2022. Bitcoin ilikwisha kuhamia kwenye mashine zake maalumu tangu 2013, lakini Ethereum, iliyozinduliwa tarehe 30 Julai 2015, ilitumia hesabu ya Ethash inayotegemea sana kumbukumbu ya kadi. Kwa hiyo kadi za dukani ziliendelea kuwa na soko, na mtu mwenye drili na msumeno wa chuma akaendelea kuwa na nafasi yake.

Wengi huiona fremu wazi kuwa ni kasha lililoondolewa kuta. Siafiki. Kuta zilikuwa na kazi: ziliongoza hewa, zilishika kadi, zilibeba ethi, zilizuia mkono wa mtoto. Ukiziondoa, kila kazi kati ya hizo inabaki palepale ikidai mwenyewe, na karibu kila mara unayemkabidhi ni umbali: wa kadi na kadi, wa kadi na ubao, wa waya na kichwa chake.

Uhuru wa kuupanga umbali huo ulitokana na raiza. Ni kibao kidogo kinachoingia kwenye sloti fupi ya PCIe x1, kebo ya USB 3.0 ya sentimita 60 hivi, na kibao cha pili chenye sloti ndefu ambamo kadi inakaa. Kebo hiyo ni ya USB kwa umbo tu. Ndani yake inapita ishara ya PCIe, kwa hiyo usiichomeke kamwe kwenye tundu la USB la kompyuta. Njia ya x1 ni nyembamba, lakini Ethash haikuhitaji pana: faili kubwa ya hesabu, DAG, inaundwa na kukaa kwenye kumbukumbu ya kadi yenyewe, na kwenye kebo hupita maagizo mafupi na majibu yake. Ubao mama ukabaki na kazi ya mawasiliano, hauamui tena kadi ikae wapi. Watengenezaji nao walilisoma soko. Mwaka 2017 ASUS ilitoa ubao wa B250 Mining Expert wenye sloti 19, idadi ambayo kasha lolote la kawaida lingeshindwa kuibeba.

Sasa vipimo. Tuchukue Radeon RX 580 yenye unene wa karibu milimita 40. Ukiacha milimita 50 kati ya uso wa kadi moja na mgongo wa inayofuata, kadi sita zinachukua milimita 490. Profaili ya 2020, yaani mraba wa milimita 20 kwa 20 wenye mfereji kila upande, ikikatwa fremu iwe na urefu wa milimita 600 kwa nje, inabakiza 560 ndani baada ya nguzo mbili. Kila pembe inapata 35 za ziada, na kadi ya mwisho inapumua kama ya kwanza.

Kwa nini 50? Kadi nyingi za aina hii hazina feni ya kusukuma hewa nje kwa mkondo mmoja. Feni zake hunyonya hewa kutoka kwenye mwanya ulio mbele yake, huipiga kwenye mapezi ya aluminiamu, nayo hutawanyika kila upande. Mwanya ndio kisima chake. Kutoka sentimita moja hadi nne utaona nyuzi zikishuka waziwazi; ukishapita tano faida inakuwa ndogo, huku fremu ikirefuka na waya zikianza kutofika. Kwenye kadi za RTX 3080 na 3090, ambazo kumbukumbu zake za GDDR6X hujipunguzia kasi zikikaribia nyuzi 110, hata 50 ni kidogo, kwa sababu mgongo wa kadi nao unatoa moto mwingi kuelekea kwa jirani.

Sifa kubwa ya profaili hii ni mfereji wake kuliko wepesi wake. Nati ya T inateleza ndani yake kabla bolti ya M5 haijakazwa, kwa hiyo reli inayoshika masikio ya chuma ya kadi unaweza kuipandisha au kuishusha kwa milimita moja moja. Jambo hilo lina uzito, maana raiza za viwanda tofauti hazilingani kimo. Ukitaka kujua kama reli iko mahali pake, chuchumaa mpaka jicho liwe usawa wa sloti, utazame pini za dhahabu za kadi. Zikiwa zimezama kwa usawa toka mwanzo hadi mwisho, kaza. Zikizama upande mmoja na kuchungulia upande wa pili, reli iko juu mno na kadi inaning'inia kwenye sikio lake. Ikipata mtikisiko kidogo, mfumo utaipoteza. Wasiopata profaili ya mfereji hutumia bomba la mraba la mafundi wa madirisha, nalo linafaa kabisa, mradi matundu ya reli yatobolewe marefu badala ya duara. Mbao ni rahisi kukata na haipitishi umeme, ila mimi siiweki karibu na vichwa vya waya vinavyobeba umeme mwingi saa zote.

Kwenye umeme ndipo fremu nyingi za nyumbani zimeharibika, na kosa karibu daima ni lilelile. Raiza inahitaji umeme wake, na nyingi zilikuja na kigeuzi cha SATA ndani ya pakiti. Kichwa cha SATA kina pini tatu za volti 12, kila moja ikiruhusiwa ampea 1.5. Jumla ni 4.5, sawa na wati 54. Sloti ya PCIe, kwa upande wake, inairuhusu kadi kuvuta hadi ampea 5.5 za volti 12, yaani wati 66. Kadi ikichukua haki yake yote, kichwa cha SATA kinazidiwa, na plastiki inaanza kulainika taratibu bila breka kujua lolote, kwa kuwa kwenye breka mzigo ni wa kawaida. Kichwa cha pini 6 kimepangiwa wati 75. Hicho ndicho cha kutumia kwenye kila raiza.

Hapa umbali unarudi tena. Waya za pini 6 za pawa saplai nyingi zina karibu sentimita 60. Ubao wa ATX ukikaa kwenye rafu ya chini kwa upana wake wa milimita 305, mkono hujipeleka wenyewe kuisukuma pawa saplai mpaka pembe ya pili, pakae pazuri machoni. Ukifanya hivyo, kutoka katikati ya pawa saplai hadi kadi ya pembe ya mbali ni sentimita 43 za mlalo, ongeza 20 za kupanda: 63, waya haufiki. Mtu anatafuta kiunganishi cha kurefushia, na kila kiunganishi ni mahali pengine pa kupata moto. Isogeze pawa saplai iwe karibu na ubao, ibaki sentimita moja tu kati yao, na safari ileile inakuwa sentimita 53.5. Waya unafika wenyewe.

Ethi nayo inasahaulika. Aluminiamu ya profaili imefanyiwa anodaizi, na ngozi hiyo haipitishi umeme. Bolti inaweza kukaza vipande viwili barabara na bado visigusane kiumeme. Chini ya bolti moja ya kila ungio weka washa yenye meno itakayoikwangua ngozi hiyo, kisha unganisha fremu na bodi ya chuma ya pawa saplai. Pima kwa mita mpaka kwenye pini ya ethi ya plagi, na soketi ya ukutani ipime pia, maana tundu la ethi kuwepo si ushahidi kwamba nyuma yake kuna waya.

Halafu kuna chumba, ambacho sasa ndicho kasha. Kadi sita za RX 580 zilizopunguzwa volti hadi wati 130 hivi kila moja, pamoja na ubao na hasara ya pawa saplai, huvuta karibu wati 950 ukutani, na zote zinageuka joto. Ni pasi ya umeme iliyowashwa usiku na mchana. Kanuni ya haraka: zidisha wati mara 3, gawanya kwa nyuzi unazokubali hewa ipande, upate mita za ujazo kwa saa. Kwa nyuzi 10 ni 285. Feni nne za milimita 120 kando ya fremu, zikipuliza kwa urefu wa mianya, zinaweza kusogeza hewa hiyo mbele ya kadi, lakini bila feni ya kuitoa nje ya chumba inazunguka na kurudi. Dar es Salaam ya Februari, nje ikiwa nyuzi 32, hewa inayotoka iko 42 hata mambo yakienda vizuri. Nairobi kuna ubaridi, ila kwenye mwinuko wa mita 1,700 hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15, kwa hiyo ujazo uongezwe kwa karibu asilimia 18.

Makontena ya Luviro, ambako Hifadhi ya Taifa ya Virunga nchini Kongo ilianza kuchimba bitcoin kwa umeme wa maji mwaka 2020, yana njia tofauti, kwa sababu mashine maalumu za bitcoin huja zikiwa na kuta zake: feni mbele, feni nyuma, hewa inapita moja kwa moja. Pale kazi ni kutenganisha upande wa baridi na upande wa moto. Fremu wazi haina pande hizo mpaka wewe uzitengeneze.

Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum iliacha uchimbaji kabisa, na fremu nyingi zikauzwa. Baadhi sasa zinabeba kadi za kuendesha modeli za lugha, na vipimo vyote vinadai kupangwa upya. Modeli kubwa ikipakiwa kupitia njia ya x1 inakwenda polepole mno, na ikigawanywa kati ya kadi, data nyingi zaidi hupita kwenye njia hiyohiyo. Kinachotumika ni utepe mpana wa x16, ambao kwa kawaida una sentimita 20 hadi 30 tu. Kadi inarudi kuukaribia ubao, mwanya wa milimita 50 unapiganiwa upya, na rafu ya chini, iliyokuwa mahali pa kuuweka ubao tu, inabidi ipandishwe mpaka sloti zake ziwe karibu na miguu ya kadi.