Nukta Sita za Wino

Mwanamume anayefunga uzazi kwa vasektomi huambiwa mapema aihesabu hatua hiyo kuwa ya kudumu, na ni haki aambiwe hivyo. Lakini ya Mungu mengi. Mke hufariki na mtu akaoa tena, mtoto huzikwa, au mume na mke waliojiona wametosheka hujikuta wanatamani kulea upya. Hapo ndipo hutafutwa daktari wa kuunganisha kilichokatwa. Kukata kulichukua chini ya nusu saa; kuunganisha huchukua saa mbili hadi nne, na kwangu mimi ni miongoni mwa kazi bora kabisa zinazofanywa na mkono wa binadamu.

Kilichokatwa ni mrija unaopandisha mbegu kutoka kwenye korodani; una unene wa milimita 2 hadi 3 kwa nje, ila tundu lake la ndani halifiki hata nusu milimita. Zamani wapasuaji walitegemea macho yao au miwani ya kukuzia, na mara nyingi mrija uliziba tena kwa kovu. Mambo yalibadilika miaka ya 1970, pale Earl Owen wa Sydney na Sherman Silber wa Marekani walipoipeleka kazi hii chini ya hadubini ya upasuaji. Uzi wake ni wa nailoni, mwembamba kuliko unywele mara kadhaa; ukikuponyoka, kuupata tena ni kazi. Chini ya lenzi hizo hata mtetemo mdogo wa kidole huwa mkubwa. Ndiyo maana daktari huegemeza mikono yake, na ndiyo maana kabla hajamgusa mtu hushona kwanza vipande vya mpira, kisha mirija ya panya, mpaka vidole vitulie.

Ugumu hauko kwenye udogo peke yake. Upande unaotoka kwenye korodani, baada ya miaka ya kusukumwa na majimaji yasiyo na pa kutokea, huwa umepanuka. Upande wa pili umebaki mwembamba vilevile. Tundu kubwa na dogo yatashonwaje yasivuje? Mwaka 1998 Marc Goldstein wa New York na wenzake walieleza jibu ambalo kila nikilifikiria huwaongezea heshima machoni pangu: kabla ya kushona, chora. Kwa kalamu yenye ncha ndogo mno, daktari huweka nukta sita za wino kuzunguka kila ncha iliyokatwa. Kila sindano huanzia ndani ya tundu na kutokea nje penye nukta yake, ili isije ikaunasa ukuta wa nyuma bila kujua. Nukta ya kwanza hukutana na ya kwanza, ya pili na ya pili, mpaka mduara ukamilike, na ile tofauti ya ukubwa ikagawanyika sawasawa kati ya mishono. Juu yake hushonwa tabaka la misuli kwa uzi mnene kidogo. Mipango yote imekwisha kabla sindano haijaingia. Wakati wa kushona akili ina kazi moja tu.

Hata hivyo, kuna dakika ninayoiheshimu kuliko mishono yote. Mrija ukishafunguliwa, daktari huchukua tone la majimaji ya upande wa korodani, hulipaka kwenye kioo na kulitazama kwa hadubini. Yakiwa na mbegu, au yakiwa maangavu na mengi, ataunganisha mrija kwa mrija. Yakiwa mazito kama dawa ya meno, na mbegu haionekani hata moja, ni dalili kwamba shinikizo la miaka limepasua na kuziba njia huko chini, kwenye epididimisi, ule mrija mmoja uliojikunjakunja nyuma ya korodani ambao ukinyooshwa hufika kama mita 6. Hapo inabidi mrija uunganishwe moja kwa moja na epididimisi, mahali ambapo mbegu bado zinapita, kwenye tundu dogo zaidi lenye kuta laini mno. Asiyeiweza kazi hiyo atashona ile nyepesi, jeraha litapona vizuri, na mgonjwa atangoja mwaka mzima mbegu ambazo haziwezi kupita. Sifa zangu nyingi nampa aliyejifunza ile ngumu akijua kwamba kwa wagonjwa wengi haitahitajika.

Kwa mgonjwa mwenyewe upasuaji si mzito. Mara nyingi hurudi nyumbani siku hiyohiyo, hujikanda kwa barafu, huvaa chupi ya kubana kwa wiki kadhaa, na kwa wiki tatu au nne hujiepusha na mizigo mizito na tendo la ndoa. Kinachochosha ni kungoja. Shahawa hupimwa baada ya wiki sita hadi nane, kisha tena na tena. Aliyeunganishwa kwenye epididimisi anaweza kumaliza mwaka kabla mbegu hazijaonekana. Na mbegu kuonekana si mimba kutunga. Ripoti iliyotoka Marekani mwaka 1991, ya wanaume 1,469, inaonyesha hivyo: kwa waliorudi kabla ya miaka 3 kupita, mbegu zilionekana kwa 97 katika kila 100, mimba zikatunga kwa 76. Kwa waliokaa miaka 15 au zaidi, zilikuwa 71 na 30. Daktari mwadilifu hutaja hesabu zote mbili, na huuliza umri wa mke.

Anayefikiria kwenda aulize mambo mawili kabla tarehe haijapangwa. Ukikuta tone zito, utaweza kuunganisha kwenye epididimisi palepale? Na mbegu zikipatikana wakati wa upasuaji, mtazigandisha ziwe akiba? Anayebabaika kwenye swali la kwanza aachwe, hata kama bei yake ni nafuu.