Moto usio na joto: film za majanga na mambo ambayo kompyuta haiwezi kubeba peke yake

Kuna Jumapili moja nilimuwekea mama film ya volkano. Lilikuwa kosa, lakini limenifundisha.

Kura ilikuwa imerudi, na film ilikuwa Volcano ya mwaka 1997, ile ambayo lava inatokea chini ya barabara za Los Angeles. Nilidhani atashangaa. Mama amekimbia Nyiragongo mara mbili: tarehe 17 Januari 2002, mimi nikiwa mgongoni mwake, na tena Mei 2021, ile mara mimi njo nilibeba mizigo. Aliangalia kama dakika ishirini hivi, akasema: "Ile moto haina joto. Unaona? Banasimama karibu nayo, banapiga masolo." Kisha akarudi kutwanga sombe yake.

Tangu siku ile nimeangalia film za majanga kwa jicho lingine. Sisi vijana tunapenda kubishana: film za zamani zilikuwa bora juu walitengeneza vitu vya kweli, film za leo zimeharibiwa na kompyuta. Na mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo. Lakini tuangalie ile lava ambayo mama aliikataa. Kwa sehemu kubwa haikuwa picha ya kompyuta. Ilikuwa uji wa methilselulosi, kitu kinachotumika kunenepesha vyakula na vinywaji, umetiwa rangi na kumulikwa na taa. Kilikuwa kitu cha kweli kabisa, kinatiririka mbele ya kamera. Na bado kilidanganya. Kwa hiyo hatuwezi kuuliza tu kama kitu kimetengenezwa kwa mikono au kwa mashini. Tuulize kama kinasukuma mwili wa mutu. Wale waigizaji hawakusukumwa na kitu. Hakuna aliyefunika uso, hakuna aliyerudi nyuma kwa sababu ngozi inauma. Mwishoni wanaisimamisha lava kwa vizuizi vya saruji na maji ya wazimamoto, kisha wanaangusha jengo ili kuigeuza njia. Sisi wa Goma, ambao mwaka 2002 tuliona lava ikipasua mji katikati, ikifunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuingia ziwani, tunacheka.

Mwaka ule ule wa 1997 ilitoka Titanic ya James Cameron, na pale kuna somo lingine. Kule Rosarito, Mexico, walijenga meli karibu ukubwa wake wote, ndani ya bwawa kubwa pembeni ya bahari. Walikamilisha upande mmoja tu wa meli. Walipohitaji upande wa pili, waligeuza picha kama kwenye kioo. Kompyuta iliongeza batu wadogo wanaotembea juu ya meli na bahari isiyo na mwisho. Lakini maji yanapoingia kwenye korido na kubeba viti, yale ni maji. Mwigizaji anashika chuma kwa sababu bila kushika ataanguka. Usoni mwake kuna kitu ambacho mwongozaji hawezi kumuomba mutu akiigize.

Kwa nini basi wasitumie vitu vya kweli kila mahali? Hapa kuna fizikia kidogo, wale wa fakilte ya sayansi watanisamehe. Mji mzima huwezi kuubomoa, kwa hiyo unatengeneza makete, yaani mji mdogo. Shida ni kwamba vitu vidogo vinaanguka haraka kuliko vikubwa, na jicho linajua. Dawa yake ni kupiga picha nyingi zaidi kwa sekunde, kisha kuzionyesha kwa mwendo wa kawaida wa 24, ili kila kitu kionekane kizito. Unazidisha 24 kwa kipeuo cha pili cha kipimo. Makete ya robo inataka picha 48 kwa sekunde. Makete ya moja kwa kumi na sita inataka 96. Kwa nyumba na madaraja hesabu hiyo inakubali. Maji yanakataa. Tone la maji halikubali kuwa dogo kwa sababu wewe umetengeneza nyumba ndogo. Njo maana kwenye film nyingi za zamani, mafuriko yanaonekana kama mutu amemwaga ndoo juu ya meza. Ukitaka maji yaaminike, makete lazima iwe kubwa sana.

Kompyuta ilikuja kusaidia pale: kwa upana, kwa umbali, kwa kitu ambacho hakuna mutu anaweza kukijenga. Twister ya 1996 ilikuwa na vimbunga vya kompyuta, lakini upepo uliokuwa unapiga waigizaji ulitoka kwenye injini ya ndege. Nikikusanya mifano hii, naona kanuni moja: kile kilicho karibu na mwili kiwe cha kweli, kile kilicho mbali kiachiwe kompyuta. Film inapoharibika, mara nyingi ni kwa sababu kanuni hiyo imegeuzwa, na mwigizaji anaachwa mbele ya kitambaa cha kijani akiogopa kitu ambacho hakipo.

Film ambayo imeheshimu kanuni hii kuliko zote nilizoona ni The Impossible ya Mhispania J. A. Bayona, ya mwaka 2012. Inaeleza tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, iliyoua zaidi ya watu 200,000 katika nchi nyingi za Bahari ya Hindi. Bayona alitaka maji ya kweli. Huko Alicante, Uhispania, walitumia bwawa kubwa, na Naomi Watts pamoja na Tom Holland, ambaye bado alikuwa kijana mdogo, walikaa ndani yake wiki kadhaa wakibebwa na mkondo. Hoteli inayovunjwa na wimbi ilikuwa makete, kubwa ya kutosha ili maji yasisaliti. Kompyuta ilifanya kazi ya kushona: kuunganisha bwawa na upeo wa macho, kujaza miti na takataka hadi mbali.

Angalia mama na mutoto wanavyoitana ndani ya maji. Hawasemi maneno mazuri. Wanameza maji, wanapotezana, wanashikana, wanapotezana tena. Wakitoka, mwili wa mama umechanika, na mutoto anageuza macho. Nilipomuonyesha mama yangu sehemu hiyo, hakusema kitu juu ya maji. Alisema: "Zima." Mimi nilichukua hiyo kama sifa kubwa kuliko tuzo yoyote, kisha nikaona haya kwamba nilimuwekea.

Lakini nisimalizie hapo, juu film hii nayo ina deni. Jamaa ya kweli ilikuwa ya Wahispania. Kwenye film wamekuwa Waingereza. Hilo ni dogo. Kubwa ni hili: tuko Thailand, na Wathai tunawaona wakati wanaokoa wageni tu. Mzee anamvuta mama kutoka matopeni, wanawake wanamvika nguo, halafu kamera inaondoka nao. Wale wanakijiji walipoteza nani? Walilala wapi usiku ule? Mwishoni familia inapanda ndege iliyotumwa na kampuni ya bima, nasi tunaondoka pamoja nao. Maji yalikuwa ya kweli, majeraha yalikuwa ya kweli, lakini kamera ilichagua nani wa kulia naye. Uchaguzi huo hauponywi na bwawa, wala na kompyuta.

Hili linatuhusu. Leo kijana wa Goma mwenye simu na programu ya bure anaweza kuwasha Nyiragongo kwa dakika tano. Mei 2021 wengi wetu tuliona kwenye WhatsApp milima ikilipuka ambayo haikuwa mulima wetu, na batu walikimbia kwa kuziamini. Siku moja mutu atatengeneza film kubwa ya usiku ule. Pengine atatoka mbali, na pesa nyingi, na ataweka anga jekundu zuri sana. Anga lilikuwa jekundu kweli. Lakini anga njo ile sehemu ya mbali, kompyuta italifanya. Sehemu ya karibu ni kitu kingine: bidon ya maji inayogombaniwa njiani kwenda Sake, majivu ndani ya sahani, mama anayehesabu watoto gizani na hesabu haitimii. Hivyo havihitaji pesa nyingi. Vinahitaji mutu aliyekuwepo, au aliyekubali kukaa chini na kuuliza.

Wenzangu mliosoma sinema, mawasiliano, hata wale wa informatike: jifunzeni programu zote, ni kazi nzuri na hatuwezi kuiacha kwa wengine. Lakini kabla ya kuwasha moto kwenye skrini, mwite mutu mmoja aliyeukimbia, mkae naye, mumuulize joto lilimpiga upande gani wa uso. Mama yangu angejibu bila kufikiri. Ni upande wa kushoto, juu upande wa kulia alikuwa amegeuzia mimi.