Oksidisho si Kuungana na Oksijeni Tu: Uhakiki wa Istilahi za Kemia ya Angahewa

Miongoni mwa istilahi za kemia zilizokwisha kuzoeleka katika Kiswahili ni oksidisho. Aghalabu dhana yake huelezwa kwa njia mbili: ama ni kitu kuungana na oksijeni, ama ni kuungua polepole pasipo moto. Maelezo hayo humfaa mwanafunzi anayetazama msumari ulioshika kutu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa hayatoshi anapoitazama hewa.

Tuchukue methani, gesi itokayo kwenye vinamasi, mashamba ya mpunga na matumbo ya ng'ombe. Hewa kavu ina oksijeni yapata asilimia 21, na methani imo ndani yake usiku na mchana. Hata hivyo, gesi hiyo hudumu hewani kwa wastani wa miaka ipatayo 10. Iwapo oksidisho ni kuungana na oksijeni tu, mbona methani haimalizwi mara moja? Na iwapo ni kuungua, joto la kuianzisha liko wapi?

Jibu lilielezwa mwaka 1971 na Hiram Levy, mwanasayansi wa Marekani. Miale ya urujuanimno huivunja ozoni, na atomu ya oksijeni inayotoka humo hukutana na mvuke wa maji, zikazaliwa radikali za haidroksili. Radikali hii haimalizi hata sekunde chache. Huinyang'anya methani atomu moja ya haidrojeni, ikawa maji. Ni baada ya hapo ndipo oksijeni ya kawaida hujiunga na mabaki. Basi hatua ya kwanza ya oksidisho hapa ni kupoteza haidrojeni, wala si kupata oksijeni. Fasili yetu haina budi kupanuliwa itaje mambo matatu: kupata oksijeni, kupoteza haidrojeni, na kupoteza elektroni.

Ama kuhusu umbo la istilahi, Kiswahili kina hazina ambayo waandishi wetu hawaitumii ipasavyo. Lugha hii hutofautisha angusha na anguka, washa na waka. Vivyo hivyo, haidroksili huoksidisha, methani huoksidika. Anayeandika “oksidisho” kwa yote mawili humficha mtenda, na msomaji hudhani kuwa mtenda ni oksijeni. Twapendekeza: uoksidishaji kwa kazi ya mtenda, uoksidikaji kwa yale yanayoupata mchanganyiko wa kaboni, kioksidishi kwa mtenda mwenyewe. Oksidisho libakie jina la jumla la badiliko.

Liko pia neno linalotuchelewesha zaidi. Baadhi ya waandishi huiita haidroksili “sabuni ya hewa”. Tashbihi hiyo inapendeza, lakini sabuni haiachi uchafu mwingine nyuma yake. Mabaki ya methani yakishajiunga na oksijeni hukutana na monoksidi ya naitrojeni itokayo kwenye moshi wa magari, yakaigeuza kuwa dioksidi. Jua huivunja dioksidi hiyo, na atomu ya oksijeni iliyoachwa huru huunda ozoni. Mvuke wa petroli hupita njia kama hiyo, tena kwa haraka zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Arie Haagen-Smit alionyesha kuwa ukungu uliowawasha macho watu wa Los Angeles ulitokana na mivuke ya petroli na oksidi za naitrojeni zilipopigwa na jua. Ozoni ya juu sana hutukinga. Hii ya chini hudhuru mapafu na mimea.

Msomaji aliyefundishwa “sabuni” ataamini kuwa hewa hujisafisha yenyewe, asione haja ya kuudhibiti moshi. Hapo kosa la istilahi limekwisha kuwa kosa la afya. Kwa hiyo tunawasihi watunzi wa vitabu vya shule waiache tashbihi hiyo, na waseme wazi nani anaoksidisha, nini kinaoksidika, na nini kinazaliwa.