Pongezi kwa Wahesabu Ndege

Oktoba, miombo ya Tabora huchipua majani mekundu kabla mvua haijadondosha hata tone. Ndizo siku za mtu na darubini yake. Mbayuwayu wamerudi kutoka Ulaya, na vitwitwi wanakimbizana kwenye tope la bwawa la Igombe.

Kazi hii haina mshahara wala makofi. Mtu anasimama topeni tangu alfajiri akiandika jina, idadi, mahali, tarehe. Mpita njia anamuuliza, “Ndugu, unawatafuta wa kitoweo?” Hapana, anawahesabu tu. Basi anaonekana kachanganyikiwa.

Mapema miaka ya 1880 Mjerumani Richard Böhm alikaa Kakoma, kusini mwa Tabora, akikusanya ndege. Alifia Katanga mwaka 1884, hajatimiza miaka 30, na keremkerem mmoja mdogo ana jina lake hadi leo: Merops boehmi. Lakini Böhm alihesabu kwa bunduki. Hawa wa leo huwaacha ndege waruke, ndiyo maana nawapongeza wao zaidi.

Njia ya zamani ya misafara kutoka Tabora kuelekea Ujiji ilikutana na mto Malagarasi. Ardhi oevu ya Malagarasi-Muyovozi, hekta 3,250,000, iliingizwa katika orodha ya Ramsar, ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2000, ya kwanza Tanzania. Ina korongo-nyangumi, yule mwenye mdomo kama kiatu. Bila daftari za watu kama hawa, nani angejua wamebaki wangapi?

Ukimkuta mmoja Igombe, msalimie kwa sauti ya chini.