Pembe na Mtu: Uhakiki wa Jiometri katika Picha za Aleksandr Rodchenko

Wahakiki wengi wa Aleksandr Rodchenko (1891–1956) huzisifu pembe zake, kisha huishia hapo. Sifa hiyo ni ya haki, lakini haielezi kwa nini mshazari uleule unaompa uhai mtu katika picha moja humnyang’anya uhai huo katika picha nyingine.

Katika Kiswahili, neno pembe hubeba mambo mawili ambayo kwenye picha ni vigumu kuyatenganisha: upande anaosimama mtazamaji, na umbo linalotokea pale mistari miwili inapokutana. Kazi ya Rodchenko imo baina ya maana hizi mbili. Mwaka 1925 alipiga picha za jengo alimokuwa akiishi katika mtaa wa Myasnitskaya, Moscow. Jengo lenyewe lilikuwa la kawaida: ukuta, roshani, ngazi ya dharura. Hata hivyo, aliposimama chini karibu na ukuta na kuielekeza lenzi juu, mistari wima iliyo sambamba ilianza kukaribiana, na roshani za mstatili zikapandana kama meno ya msumeno. Hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa. Pembe ya kwanza ilizaa ya pili.

Uwezo huo haukuja kwa bahati. Kabla ya kuishika kamera, Rodchenko alikuwa mchoraji wa rula na bikari. Mwaka 1921 alionyesha turubai tatu, moja nyekundu, moja ya njano na moja ya buluu, kisha akaachana na uchoraji wa aina hiyo. Alianza kupiga picha mwaka 1924, na mwaka 1928 akapata Leica, kamera ndogo inayoinuliwa hadi jichoni. Kamera nyingi za wakati ule zilishikwa tumboni, mpiga picha akiinama kutazama ndani yake. Ndiyo maana katika jarida la Novy Lef alihimiza vitu vipigwe picha kutoka kila upande isipokuwa kitovuni. Kauli hiyo ina utani ndani yake, lakini hoja yake ni nzito: tabia ya kutazama dunia moja kwa moja kutoka usawa wa tumbo ilirithiwa kutoka kwa wachoraji wa zamani, wala si jinsi jicho la mtu wa mjini linavyotembea kati ya majengo marefu. Wazo hili ni ndugu wa lile la Viktor Shklovsky, mwananadharia wa Umaumbo, kwamba sanaa hukifanya kilichozoeleka kiwe kigeni ili kionekane upya.

Mwaka huohuo wa 1928, jarida la Sovetskoe Foto lilichapisha barua isiyo na jina la mwandishi, iliyoziweka picha za Rodchenko sambamba na za wapiga picha wa Magharibi, akiwemo László Moholy-Nagy, ikidai kwamba aliiga. Mjadala huo ulipotea njia tangu mwanzo. Kuuliza nani wa kwanza kuinamisha kamera ni sawa na kuuliza nani wa kwanza kutumia vina: jibu lake haliwezi kutuambia kama shairi ni zuri.

Picha iitwayo Ngazi hutoa kipimo bora zaidi. Fremu yote imejaa vidato, kila kimoja kikiwa na ukanda wa mwanga na ukanda wa kivuli, na yote inakwenda mshazari. Hakuna mbingu, hakuna jengo. Bila mtu, picha hii ingekuwa pambo tu, mfano wa mistari ya kikoi. Lakini mwanamke aliyembeba mtoto anapanda, na mwili wake ndio kitu pekee kisichotii mistari. Mtazamaji anahisi uzito wa mtoto kwa sababu ngazi imelala upande. Kila kidato kinaonekana kama kinaweza kumtelezesha. Jiometri hapa inafanya kazi ya maudhui. Anayeitenga fani na maudhui katika picha hii hubaki na vipande viwili vilivyokufa.

Mambo hubadilika mwaka 1933. Rodchenko alitumwa kupiga picha za Mfereji wa Bahari Nyeupe na Baltiki, wenye urefu wa kilomita 227, uliochimbwa na wafungwa kati ya 1931 na 1933. Maelfu walikufa humo. Picha zake zilijaza toleo la 12 la mwaka huo la jarida la SSSR na Stroike, lililotolewa pia kwa lugha za kigeni ili lisomwe nje ya nchi. Ufundi haukupungua hata kidogo: kuta za malango ya maji zinakata fremu, mbao zinajipanga kwa mistari sambamba, kina cha shimo kinavuta jicho. Kilichopotea ni ule mwili usiotii. Wafungwa wamekuwa nukta na vistari ndani ya mchoro mkubwa, na mchoro unapendeza.

Wapo wanaomtetea kwa kusema kwamba hakuwa na hiari, na ni kweli kwamba tuhuma za kuabudu umbo zilikuwa zimemwelemea. Utetezi huo unamhusu mtu, hauzihusu picha. Tena, mwaka 1936 aliandika katika Sovetskoe Foto akisifu jinsi kazi ya mfereji ilivyowageuza watu. Kwa upande mwingine, wanaoihukumu jiometri yenyewe wanakosea vilevile, kwani mshazari wa Ngazi haukumdhulumu yeyote.

Katika picha mojawapo ya mfereji, bendi ya matarumbeta iko karibu na kamera, ikipiga muziki wa kuhimiza kazi. Shaba ya ala inang’aa, na miduara yake inasomeka vizuri dhidi ya mistari ya shimo. Wafungwa wako mbali, wadogo. Sura zao hazisomeki, na hakuna pembe yoyote katika fremu inayolielekeza jicho kuzitafuta.