Samaki wa Karatasi na Samaki wa Luapula: Uhakiki wa Shule ya Uchoraji ya Elisabethville

Kila kiangazi, wapenzi wa uchoraji kutoka sehemu mbalimbali za Ulaya huenda katika vijiji vidogo vya Ufaransa kujifunza rangi kwa wiki moja au mbili. Mwanafunzi ndiye anayelipa, kwa hiyo huchagua mwenyewe anachotaka kujifunza, na asiporidhika mwaka unaofuata huenda kwingine. Katika Afrika ya Kati ya wakati wa ukoloni mambo yalikuwa kinyume. Mgeni alikuwa mwalimu, mwenye banda na mwenye rangi. Mwenyeji alikuwa mwanafunzi. Insha hii inahakiki shule moja ya namna hiyo, na inaitazama kutoka Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe, upande wa Zambia wa bonde la Luapula. Hoja yangu ni moja: tatizo la shule ile si kwamba mgeni alifundisha, bali kwamba mgeni ndiye aliyeamua nini kisifundishwe.

Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés, aliyewahi kuwa afisa wa jeshi la majini, alifungua karakana ya uchoraji mjini Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi. Watu waliijua kwa jina la Le Hangar, yaani banda. Msingi wake ulikuwa kutofundisha. Hakutaka wanafunzi waige picha za Kizungu. Alitaka kila mmoja atoe kilichomo ndani yake na katika mazingira yake. Matokeo yake hayawezi kubezwa. Bela alichora kwa ncha za vidole. Mwenze Kibwanga alijaza karatasi kwa mistari mifupi iliyobanana hadi wanyama na wawindaji wake wakaonekana kama wamefumwa. Pilipili Mulongoy alichora samaki, ndege na nyoka, kila gamba na kila unyoya mahali pake. Mtu akiwaona watatu hawa pamoja hawezi kuwachanganya. Kwa upande wa fani, basi, mwalimu alifaulu: alitoa karatasi, rangi, muda na njia ya kuwafikia wanunuzi, na hakumlazimisha mwanafunzi kufanana na mwenzake.

Tugeukie maudhui. Katika kazi zilizoipa shule hii jina, tunaona mto, msitu, mawindo na ngoma. Hatuoni mgodi. Hili ni jambo la kushangaza, kwa sababu Elisabethville ulikuwa mji wa shaba. Desemba 1941, miaka mitano tu kabla ya banda kufunguliwa, wafanyakazi wa kampuni ya Union Minière waliogoma wakidai nyongeza ya mshahara walipigwa risasi na askari katika mji huohuo. Mkazi wa mji hangeweza kuwa hajasikia habari ile. Hata hivyo mwanafunzi aliyeambiwa achore mazingira yake alichora mamba na swala. Je, mazingira yake yalikuwa yapi?

Hata samaki wenyewe wana habari ya kusimulia. Waliowalisha wafanyakazi wa migodi ya Katanga walikuwa samaki wa Luapula na Ziwa Mweru. Walivuliwa pande zote mbili za mpaka, wakakusanywa Kasenga, kisha wakasafirishwa kwa malori hadi Elisabethville. Vijana wa Luapula nao waliifuata njia hiyohiyo kwenda kutafuta kazi, na baadhi yao wakarudi na Kiswahili cha migodini. Samaki aina ya mpumbu alivuliwa kupita kiasi kwa ajili ya soko hilo, na karne ilipofika katikati alikuwa amepungua vibaya. Kwenye karatasi samaki huogelea katika maji yasiyo na wavu, mvuvi wala bei. Picha inapendeza, lakini inamweleza mnunuzi kwamba Afrika ni mahali ambapo hakuna kinachobadilika, wakati ule ule ambapo mlo wa mezani ulikuwa ukionyesha kinyume chake.

Msomaji anaweza kupinga kwamba chini ya utawala wa Kibelgiji hakuna mwalimu ambaye angeruhusu picha ya mauaji. Ni kweli, na si haki kumdai mwanafunzi wa banda ushujaa ambao ungemgharimu mkate wake. Lakini jibu hilo linahusu picha ya mauaji tu. Halielezi kwa nini kijana asionyeshwe namna ya kuchora umbali, uso wa mtu anayejulikana au barabara yenye nyumba. Mtu aliyenyimwa nyenzo hizo hunyimwa pia baadhi ya mambo anayoweza kuyasema. Romain-Desfossés alifariki mwaka 1954, na baadhi ya wanafunzi wake wakawa walimu katika chuo cha sanaa cha mjini humo. Hilo peke yake linapinga imani kwamba kufundishwa kungewaharibu.

Linganisha na Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947 na kujifunza uchoraji bila shule ya namna hiyo. Miaka ya 1973 na 1974, mjini Lubumbashi, alichora historia ya nchi yake katika picha zaidi ya mia moja, na kuzieleza kwa Kiswahili cha Katanga mbele ya mwanaanthropolojia Johannes Fabian. Humo wamo Lumumba, minyororo, viboko na wafanyakazi wa mgodi waliouawa. Tshibumba naye alikuwa na mnunuzi mgeni. Tofauti ni kwamba mgeni huyu aliuliza na kusikiliza, na mchoraji ndiye aliyepanga kipi kitangulie na kipi kifuate. Mkono wake si laini kama wa Pilipili, lakini picha zake zinajua zinamzungumzia nani.

Somo hili linaihusu Mwansabombwe ya leo. Mwishoni mwa Julai, wakati wa Mutomboko, Mwata hucheza ngoma ya ushindi ya Walunda, na wageni hufika na kamera zao. Ni rahisi mtu kupanga kozi ya uchoraji msimu huo: asubuhi mavazi ya Mwata, jioni mitumbwi ya Nchelenge. Kozi kama hiyo isipinguliwe kwa sababu tu mwalimu ametoka mbali. Ila iulizwe maswali matatu. Je, mwanafunzi anafundishwa mbinu zote, au zile tu zinazompendeza mnunuzi? Je, anaweza kuchora miezi ya kufungwa kwa uvuvi, wakati nyavu zimeanikwa na nyumbani hakuna fedha? Je, maelezo ya picha yanaandikwa kwa maneno yake? Banda la Elisabethville lingejibu la kwa maswali yote matatu, na ndiyo sababu picha zake nzuri zinatuacha na njaa.