Sauti ya Bibi na Ukurasa wa Wengi

Tangu mwaka 1962, Mwalimu Nyerere alipounda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, tumeandika mengi juu ya haja ya kuhifadhi mila zetu. Ni mara chache, hata hivyo, tulipovichungua vyombo vyenyewe vya kuhifadhia. Hali mtungi ukiwa na ufa, hata maji mema humwagika. Siku hizi vijana wetu wanavyo vyombo viwili vipya. Cha kwanza ni podikasti, yaani mazungumzo yaliyorekodiwa na kuwekwa mtandaoni ili kila mtu ayasikilize kwa wakati wake. Cha pili ni wiki, yaani programu ya kompyuta inayomwezesha msomaji kuwa pia mwandishi, akiongeza na kusahihisha ukurasa alioukuta. Nia yetu katika makala haya ni kuvipima vyombo hivi.

Fikra hizi zilichochewa na kijana mmoja wa ukoo wetu hapa Kibaha, ambaye kazi yake ni kujaribu michezo ya kompyuta kabla haijauzwa. Yeye hachezi ili ashinde. Hucheza ili ajue mchezo unaharibikia wapi: huugonga ukuta usiogongwa, hupita njia ambayo mtungaji hakuidhania, kisha huandika kila kasoro na jinsi alivyoifikia. Siku moja alituambia, "Mjomba, podikasti ni mchezo uliokwisha kuuzwa pamoja na makosa yake. Wiki ni mchezo ambao kila mchezaji ni mjaribu." Kwa maoni yake, basi, wiki ndiyo bora.

Hoja hiyo haifai kudharauliwa. Wiki ya kwanza ilitengenezwa na Mmarekani Ward Cunningham mwaka 1995, naye alilitoa jina hilo katika lugha ya Hawaii, ambako maana yake ni upesi. Sisi tuliolelewa kwa methali kwamba haraka haraka haina baraka tungeweza kulitilia shaka. Lakini tukiitazama Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, tunaona kuwa upesi huo umewekewa mipaka. Kila ukurasa una historia yake: nani alibadili nini, na lini. Kosa likiingizwa leo, maandishi ya jana yaweza kurudishwa. Kando yake pana ukurasa wa majadiliano, ambako wanaohitilafiana hutoa hoja zao. Mwalimu aliyepata kufundisha ngonjera, sanaa iliyoenezwa na Mathias Mnyampala, ataitambua mara moja tabia hiyo ya fikra mbili kupingana mbele ya watu hadi ukweli ujitenge.

Podikasti haina mlango wa namna hiyo. Msemaji akiutaja mwaka visivyo, kosa lake litasikika kila kipindi kinapofunguliwa. Mwenye kipindi aweza kukirekodi upya akipenda, lakini msikilizaji hana kalamu mkononi. Hapa kijana wetu amesema kweli.

Hata hivyo, yapasa wiki nayo ijaribiwe kwa ukali uleule. Tulizifungua kurasa za kata za Wilaya ya Kisarawe, jirani zetu. Nyingi tulizoziona ni sentensi chache tu: jina la kata, wilaya, mkoa, na hesabu ya watu katika sensa. Mwanafunzi atajua kwamba Maneromango ni kata. Hatajua kwa nini mwali wa Kizaramo alikuwa akiwekwa ndani, wala maana ya mwana hiti, kile kinyago kidogo cha mti chenye kichwa na kiwiliwili pasipo mikono wala miguu, alichokabidhiwa mwali huyo.

Upungufu huu hautokani na uvivu peke yake. Kanuni ya Wikipedia ni kwamba kila jambo lithibitishwe kwa maandishi yaliyokwisha kuchapishwa. Kanuni hiyo ni njema, kwani huzuia uzushi. Lakini bibi wa Maneromango aliyepita unyagoni hajachapishwa popote. Mtafiti Marja-Liisa Swantz, kutoka Ufini, alitoa kitabu juu ya mila za Wazaramo mwaka 1970, tena kwa Kiingereza. Kwa kanuni hii, tutamtaja mgeni aliyewauliza wazee wetu, na wazee wenyewe hatutaweza kuwataja. Tusimlaumu mtafiti huyo, maana aliifanya kazi ambayo sisi tuliiacha.

Podikasti, kwa upande wake, humpokea bibi kama alivyo. Humpokea na lafudhi yake, kicheko chake, na wimbo wake wa Kizaramo usiotafsirika. Zaidi ya hayo, hukipokea hata kimya chake. Mjaribu wetu akimsikia bibi akinyamaza kabla ya kujibu swali, ataandika: kasoro, sauti imekatika. Ajuaye mila ataelewa kwamba bibi amenyamaza kwa kuwa maneno ya unyagoni hayasemwi mbele ya kila mtu.

Hapo ndipo tunapoachana na kijana wetu. Mchezo wa kompyuta una mtungaji, na mjaribu huambiwa mapema unapaswa kwenda vipi. Utamaduni hauna karatasi ya maelekezo. Kabla ya kusahihisha, ni lazima kwanza tujue lipi ni kosa na ipi ni siri, na hukumu hiyo ni ya wenye mila.

Rai yetu kwa walimu ni kwamba vyombo hivi vifuatane. Wanafunzi wa Kibaha na wa Minaki wawaendee wazee kwa adabu, waombe ruhusa, warekodi kile tu wanachoruhusiwa kukirekodi. Sauti hiyo wasikilizishwe wazee wengine, nao waseme palipopindwa. Masahihisho yao yawe kipindi cha pili. Kisha shule zitoe vijitabu vilivyohaririwa vizuri na kuchapishwa kwa njia inayoaminika, ili ukurasa wa wiki upate msingi wa kusimamia, kwa Kiswahili na kwa ushahidi wa wazee wenyewe.

Tulipomsomea kijana wetu maneno haya alikaa kimya kidogo, kisha akauliza ni nani katika ukoo wetu aliyebaki anayezijua nyimbo hizo. Tulimtajia mmoja tu. Kutoka hapa mpaka kwake si mbali. Lakini umri wake ni mkubwa, na hadi tunapoandika makala haya hakuna aliyekwenda.